Mkwaruzo Unaokuja na Kuondoka: Chanzo Hujulikanaje?

Sauti ya nyumbani huharibika kwa namna mbili. Kuna spika iliyonyamaza kabisa, ambayo itabaki kimya mpaka fundi afike, afungue, atazame. Na kuna mfumo unaougua kwa vipindi: jana usiku wimbo ulikatikakatika, leo asubuhi umepiga saa tatu mfululizo bila doa, na fundi akiitwa kutoka mjini, akaketi kwenye kochi na kungoja, hasikii ila muziki safi. Hitilafu ya kwanza ni kazi ya mikono. Ya pili, kabla ya kuwa kazi ya mikono, ni swali la zamani la falsafa: mtu ana haki gani ya kusema kwamba hiki ndicho kilichosababisha kile, ikiwa kile chenyewe hakipo kitazamwe?

Mfumo wa kupiga muziki kutoka intaneti ni mnyororo. Mwanzo wake ni hazina ya nyimbo iliyo mbali, pengine bara jingine. Kisha nyaya za faiba au mnara wa simu, ruta ya nyumbani, mawimbi ya Wi-Fi, kipokezi, kigeuzi kinachogeuza namba kuwa umeme wa sauti, amplifaya, nyaya za shaba, na mwisho spika. Pembeni kuna stima inayovilisha vyote, ambayo nchini Kenya sehemu yake kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, karibu na Naivasha. Kila kiungo kina namna yake ya kuugua, na hapo ndipo unapopatikana msaada wa kwanza. Upande wa namba, kabla ya kigeuzi, huugua kwa kukatika: namba hufika kama ilivyo au haifiki. Upande wa umeme wa sauti, baada ya kigeuzi, huugua kwa kukwaruza, kuvuma, kufifia, au spika moja kunyamaza huku nyingine ikiendelea. Anayesikia sauti ikikatika kama maneno ya mtu mwenye kwikwi hana sababu ya kuanza kwa kununua waya mpya wa spika, ingawa ndiko wengi waanziako, kwa kuwa waya unaonekana na mawimbi hayaonekani.

Muziki wa ubora wa CD ni vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila spika, kushoto na kulia, kila kipimo kikiwa cha biti 16. Jumla yake, kabla ya kubanwa, ni biti 1,411,200 kila sekunde. Hazifiki kwa mtiririko uliotulia. Hufika kwa mafungu, mengine yakichelewa, mengine yakipotea njiani na kutumwa upya, na kipokezi huyaweka kwanza kwenye akiba ya sekunde kadhaa ndipo kiyapige. Wakazi wa Nakuru wanaujua utaratibu huo kutokana na tangi jeusi la maji lililo juu ya nyumba. Maji ya mfereji yakikatika saa nne asubuhi, jikoni hakuna anayejua. Bomba linaendelea kutoa. Tangi likiisha saa kumi jioni, aliyekuwa akiosha vyombo wakati huo ndiye anayeambiwa amemaliza maji. Akiba ya sauti hufanya vivyo hivyo. Mawimbi yalidhoofika mtoto alipofunga mlango wa chuma wa ukumbini. Sauti ikakatika sekunde 20 baadaye, mama alipowasha blenda. Na blenda ikapata jina baya. Mazoea humfundisha mtu atafute chanzo karibu na tukio. Kifaa hiki kimeundwa makusudi kulitenga tukio na chanzo chake, kwa hiyo mazoea hayo yanampoteza mtu mwangalifu sawa na asiye mwangalifu.

Dalili ya mvua ni mawingu, na methali hiyo haisemi kwamba mawingu ya kila siku yataleta mvua, wala kwamba kila kinachotangulia mvua ni dalili yake. Chukua mfano wa ploti ya ghorofa nne katika mtaa wa Section 58 mjini Nakuru, ambako sauti ya nyumba moja hukatika kati ya saa 1 na saa 3 usiku. Saa hizo majirani wamerudi kazini na ruta zao zote zina kazi. Katika mawimbi ya gigahezi 2.4 kuna njia 3 tu zisizoingiliana, ile ya 1, ya 6 na ya 11, na ploti nzima inazigombania. Saa hizohizo maikrowevu za chakula cha jioni zinanguruma katika eneo lilelile la mawimbi. Saa hizohizo nguvu ya stima, ambayo kwa kawaida inapaswa kuwa volti 240, hushuka kwa sababu kila mtu amewasha kitu. Saa hizohizo baridi inaanza, kwa kuwa mji uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Na mwezi wa Aprili, saa hizohizo ndipo mvua ya alasiri inapokuwa imelowesha viungo vya nyaya huko nje. Vitu vitano vinatembea pamoja kama ndugu. Kuviona pamoja mara 40 hakuongezi ujuzi wa ni kipi chenye hatia, kwa sababu mara zote 40 vilikuwa pamoja.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza njia ya kutoka hapo. Zitafutwe hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Tukio likiwepo katika moja na kukosekana katika nyingine, kile kimoja ndicho chanzo au sehemu ya chanzo. Mafundi huifuata kanuni hiyo bila kumtaja Mill: badilisha kitu kimoja, acha vingine. Ruta iunganishwe na kipokezi kwa waya, bila kugusa kingine chochote. Kama kukatika kutaendelea, Wi-Fi imetoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Muziki uliohifadhiwa ndani ya kifaa upigwe bila intaneti. Kama nao utakwaruza, mnyororo wote wa nje umetakasika kwa mpigo mmoja. Jaribio hili la pili halina gharama yoyote, nalo hupunguza mashaka kuliko ununuzi wowote wa kifaa kipya.

Kwa hitilafu ya vipindi, hata hivyo, njia ya Mill inapungukiwa mahali pamoja. Jaribio lake linadhani kwamba tukio likikosekana, limekosekana kwa sababu ya mabadiliko. Hitilafu ya vipindi hukosekana yenyewe. Tuseme sauti hukatika bila mpangilio, kwa wastani mara moja kila siku 3. Mwenye nyumba anabadilisha waya, siku 3 zinapita kimya, naye anawatangazia jamaa kwamba tatizo lilikuwa waya. Hesabu inasema kwamba hata kama hakubadilisha chochote, uwezekano wa kupata siku 3 za kimya ulikuwa karibu asilimia 37. Angengoja siku 9, uwezekano huo ungeshuka hadi asilimia 5 hivi. Subira ya mara tatu ya kipindi cha hitilafu, basi, ndiyo bei ya chini ya kauli ya heshima, na ni wachache walio tayari kuilipa. Wengi hubadilisha vitu vinne kwa siku moja, sauti inatulia, na kile kilichoituliza hakijulikani milele.

Hapa ndipo kofi linapoingia. Hakuna mtu aliyelelewa na redio ya betri asiyejua kuipiga ubavuni. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, aliandika kuhusu njiwa wenye njaa waliokuwa wakipewa chakula kila baada ya muda maalumu, wafanye nini wasifanye nini. Baada ya muda kila njiwa alikuwa na ibada yake: huyu anazunguka, yule anatikisa kichwa, kana kwamba ndivyo chakula kinavyoletwa. Watafiti wa baadaye waliipinga tafsiri yake, lakini picha ile inafaa: mpigaji redio hukumbuka makofi yaliyofuatwa na sauti na kuyasahau yaliyofuatwa na kimya.

Na bado kofi si upuuzi mtupu. Ndani ya amplifaya kuna mamia ya viungo vya lehemu, na kimoja kinaweza kuwa na ufa mwembamba kama unywele, usioonekana bila kioo cha kukuzia. Chuma hupanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Usiku wa Nakuru ufa unafunguka, kifaa kikipata moto baada ya nusu saa unafunga, na wenye nyumba wanasema redio yao huchelewa kuamka. Kofi huutikisa ufa ule kweli. Tofauti kati ya njiwa na fundi iko katika kinachofanywa baadaye. Fundi hafurahii sauti iliyorudi. Anataka iondoke tena. Anafungua kifuniko, anashika bisibisi yenye mpini wa plastiki, na kwa mpini huo anagonga taratibu, kiungo baada ya kiungo, huku muziki ukipigwa kwa sauti ya chini. Kapasita: kimya. Transfoma: kimya. Pembeni mwa soketi ya spika ya kulia: krrr. Anagonga tena: krrr. Anagonga sentimita 2 pembeni: hakuna kitu. Anarudi palepale: krrr. Anapuliza hewa ya moto kwa mashine ya kukaushia nywele, anagonga, kimya. Anaacha ipoe, anagonga, krrr. Mwenye nyumba aliyesimama nyuma yake anasema, “Fundi, hapo hapo!” naye fundi hajibu, kwa kuwa bado hajagusa lehemu na tayari amekwisha kujua.

Alichojua ni nini hasa? Abu Hamid al-Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, mwishoni mwa karne ya 11, alitoa mfano wa moto na pamba. Watu husema moto huiunguza pamba. Wanachokiona, alisema, ni kuungua kunakotokea pamoja na kugusana na moto. Kwamba kunatokea kwa huo moto hawalioni, na kuungua kwenyewe kuko mikononi mwa Mungu. Karne sita na nusu baadaye David Hume, asiyekuwa na nia ya kumtetea Mungu hata kidogo, alifika karibu na palepale: tunaona mambo yakifuatana, na kile kiitwacho ulazima ni mazoea ya akili. Ibn Rushd alikuwa ameshamjibu al-Ghazali kwamba anayekana visababishi anakana akili yenyewe, kwa kuwa kujua ni kujua visababishi.

Wa manufaa zaidi kwa jambo hili ni Ibn Sina, aliyetangulia wote watatu. Alitenganisha kuhesabu mifano na kile alichokiita tajriba. Mganga anayeona dawa ya saqamunia ikiharisha nyongo mara nyingi haishii kwenye kuhesabu. Ndani ya akili yake kuna hoja iliyojificha, kwamba jambo la bahati tu haliwezi kutokea kila mara au mara nyingi, hivyo dawa hiyo ina nguvu fulani ya kuharisha. Hoja hiyo inasimama juu ya maneno “mara nyingi”, na hitilafu ya vipindi ndiyo hasa isiyotokea mara nyingi. Kwa maana hiyo mpini wa bisibisi unafanya kazi ya kifalsafa: unalichukua tukio la nadra na kuligeuza kuwa la kila mara. Mbele ya al-Ghazali fundi hana ushahidi mpya. Kugonga na krrr navyo ni vitu viwili vilivyokuwa pamoja. Lakini amepata kile ambacho kungoja hakungempa, uwezo wa kuiita hitilafu ije na kuiamuru iondoke. Inaonekana busara kuliita hilo ujuzi wa chanzo, na kuwaachia wanatheolojia swali la nani anayekifanya chanzo kitende.

Swali hilo la nani, hata hivyo, halikai kwa wanatheolojia peke yao. Mambo yakiharibika bila maelezo, katika Kiswahili cha kila siku husemwa kuna mkono wa mtu. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu Wazande, watu wanaoishi Sudan Kusini na kaskazini mashariki mwa Kongo, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile watu wale wapo chini yake. Na hapo ndipo uchawi unapotajwa. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, aliandika mwaka 1969 jambo la aina hiyo kuhusu Waafrika kwa jumla: mgonjwa anaweza kukubali kwamba malaria ililetwa na mbu, na bado akataka kujua kwa nini mbu yule alimuuma yeye na si mwingine.

Kenya ilipata mfano wake mnamo 7 Juni 2016. Tumbili mmoja aliingia katika kituo cha umeme cha Gitaru kwenye mto Tana, akapanda juu ya paa, akaanguka kwenye transfoma. Transfoma ikajizima, mitambo mingine ikalemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea, na nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Sauti za nyumba za Nakuru zilizonyamaza mchana huo zilikuwa na chanzo kinachoweza kufuatwa hatua kwa hatua hadi kwenye mguu wa mnyama, aliyetoka akiwa hai na kukabidhiwa Shirika la Wanyamapori. Kwa nini tumbili yule, siku ile, kwenye transfoma ile? Fundi husema bahati, yaani njia mbili za sababu, kila moja na historia yake, zilikutana. Jibu hilo ni la kweli, na halimshibishi aliyeuliza.

Si haki kulicheka swali la mkono wa mtu, maana mara nyingi mkono upo. Mpwa aliyekuja likizo amehamisha ruta nyuma ya televisheni. Jirani amefungua karakana ya kuchomelea mageti, na kila akigusa chuma kwa chuma volti za mtaa mzima huyumba na spika hukwaruza. Mtu amechomeka amplifaya kwenye soketi moja na televisheni yenye waya wa dishi kwenye nyingine, umeme ukazunguka kupitia nyaya mbili za ardhi, na mvumo mzito wa hezi 50 ukajaa chumbani. Dawa yake ni kuvichomeka pamoja kwenye ekstensheni moja, wala si kuukata waya wa kijani na manjano kama wafanyavyo baadhi ya watu, kwa kuwa waya huo ndio unaozuia kifaa kibovu kuua. Dhana ya mkono huwa na thamani au kuikosa kutegemea kama inakubali kushindwa. Anayemshuku mchomeleaji anaweza kwenda siku ya Jumapili karakana ikiwa imefungwa, akasikiliza. Anayemshuku jirani kwa kijicho hana Jumapili ya kwenda. Sauti ikikatika ni kijicho, isipokatika ni kwamba mwenye kijicho amepumzika.

Linabaki shauri la sikio lenyewe. Si kila hitilafu inayosikika iko ndani ya vifaa. Mara nyingine programu za muziki, mtandao ukidhoofika, hushusha ubora kimyakimya badala ya kuacha wimbo ukatike, na msikilizaji anayesema jioni muziki umepauka anaweza kuwa amesema kweli tupu. Lakini anaweza pia kuwa amechoka, au mvua imetoka kunyesha juu ya mabati na masikio yamezoea kelele, au sauti imeongezwa kidogo tu na ongezeko hilo likasikika kama ubora, jambo linalowapata hata wazoefu. Mashabiki wa vifaa ghali hawapendi kuambiwa hivi. Njia ya kuamua ni rahisi: mtu mwingine akae nyuma, abadilishe waya au ubora bila kusema, mara 10, na msikilizaji ataje kila mara anachosikia. Anayebahatisha tu ana nafasi ya karibu asilimia 1 ya kupata 9 au zaidi. Akipata 5, hakusema uongo alipolalamika, alisikia alichosikia. Ila kilichobadilika hakikuwa kwenye nyaya, na fundi hana cha kukiungia lehemu.

Hatua ya mwisho ya uchunguzi ndiyo inayokwepwa kuliko zote. Baada ya kifaa kutulia, kilichoondolewa kirudishwe: waya wa zamani uchomekwe tena, ruta irudi mahali pake pa kwanza. Hitilafu ikirudi nacho na kuondoka nacho, mara mbili au tatu, chanzo kimejulikana kwa kadiri inavyowezekana. Isiporudi, basi kitu kingine ndicho kilichoponya, pengine soketi iliyosafishwa vumbi wakati waya ukichomolewa. Na mji huu, ambao jina lake huhusishwa na neno la Kimaasai la vumbi, hauishiwi na mtuhumiwa huyo. Kwa mchunguzi, nyumba iliyopona bila kurudisha kitu ina sauti nzuri na swali lisilojibiwa. Kwa mwenye nyumba ina sauti nzuri. Fundi anapoomba dakika 10 airudishe hitilafu makusudi, aliyeteseka nayo miezi 2 humwambia aache, ishapona, amlipe aende zake. Na waya wa zamani, ambao huenda hauna kosa lolote, unakunjwa na kutiwa kwenye droo pamoja na chaja zilizokufa.